Jiwe la Papa Stani

Pascal alinipigia simu asubuhi, nikiwa napiga pasi nguo za watu hapa Lilongwe, akaniambia baba yake amefariki na matanga yako Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi. Nikasema pole sana, mdogo wangu, Mungu akutie nguvu, maana ndivyo mtu anavyosema. Nilidhani tumemaliza. Kumbe alikuwa na lingine. "Yaya Riziki," akasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "muje na Yaya Nabintu. Bantu banataka kumuona. Yeye njo ushuhuda wa jiwe." Nikaibamiza pasi chini mpaka makaa yakaruka. Ushuhuda! Mtu aliyepoteza mkono awe ushuhuda wa kitu kilichompotezea mkono. Neno hilo nimelisikia tangu ujana wangu. Limesemwa kanisani, limesemwa kwenye foleni ya mgao, limesemwa na watu ambao hata hawakuwako, na kila mara damu inanipanda kama mara ya kwanza. Pascal sikumjibu vibaya, alikuwa amefiwa. Nilikata simu, nikampigia Nabintu kule Madisi anakouza mitumba, nikamwambia mzee amekufa na wanakutaka. "Tutaenda," akasema. Hata kusonya hakusonya, na hilo nalo likanikera.

Nitasimulia mwaka mmoja tu. Mambo ya nani alizaa nani, tulikimbia na nini, tulivuka maji gani, hayo tumeyasema mbele ya meza za ofisi nyingi mpaka yamepoteza ladha, na mimi sitayasema tena bure. Mwaka ninaousema ni ule ambao vita ya pili ilikuwa imeshawaka kwetu Kongo, na Dzaleka ilikuwa inapokea watu wapya na mafurushi yao kila kukicha. Mimi msichana wa mashamba ya Fizi, Nabintu msichana wa mjini Bukavu, tulipewa chumba kimoja kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na mume wala mzazi pale. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tulilala mkeka mmoja, yeye kichwa upande wa mlango kwa kuwa alisema mimi nakoroma. Asubuhi alichana nywele mbele ya kipande cha kioo kama mtu anayekwenda ofisini, na mimi niko nje napepea babula, jiko letu la makaa. Kitu kilichomshinda kuzoea ni nsima. "Bugali ya muhindi, nyeupe hivi, kila siku," alikuwa akisema, anaibonyeza kwa kidole. "Hii inafaa kubandika karatasi ku ukuta." Halafu anaimaliza yote, na kikaango cha mboga anakifuta. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa mwembamba, na nyuma yake alikaa Papa Stani, katekista, ambaye Bukavu alikuwa mwalimu wa shule ya misioni. Jioni tulimsikia akimsomesha mwanawe Pascal Kifaransa, wakati ule Pascal bado mdogo, na wakija wageni tulimsikia akiwasimulia habari za jiwe.

Nilieleze hilo jiwe. Kwetu Kongo wengi wanalijua: kijiwe cheusi, laini, cha kutosha kwenye ncha ya kidole gumba, ambacho mapadri walikuwa wakiwapa watu kwa ajili ya kuumwa na nyoka. Papa Stani alilitoa Bukavu ndani ya soksi. Picha ya harusi yake aliiacha, jiwe hakuliacha. Kanuni zake alizikariri kama sala: unachanja palipoumwa kwa wembe mpaka damu itoke, unaweka jiwe, jiwe linashika, unafunga kitambaa, unangoja. Jiwe linakunywa sumu, na likishiba linaanguka. Unalichemsha, unaliloweka kwenye maziwa, liko tayari kwa mtu mwingine. Na kanuni iliyopita zote alikuwa akiisema akiwa ameinua kidole: "Haitolewi. Inaanguka yenyewe." Tangu afike kambini alikuwa ameshaliweka kwa watu kadhaa, na wote walipona, na sifa zikafika mpaka kwa Warundi na Wanyarwanda. Sasa niwaulize, watu hao waliumwa na nini? Mmoja aliumwa na kale kanyoka ka kijani ka kwenye majani, ambako kuku anakadonoa na kukameza. Mwingine ilikuwa nge. Hao wangepona hata ukiwabandika kifungo cha shati. Lakini nenda kaseme hivyo kwa watu waliopoteza kila kitu na wamebaki na kijiwe kimoja kinachofanya kazi.

Nyoka mwaka ule walikuwa wengi, na watu walitafuta sababu kila mahali isipokuwa miguuni pao. Kwa kuwa kambi ilikuwa gereza zamani, wengine walisema ni wafungwa waliokufa humo. Wengine walisema wenyeji wanatutumia. Upuuzi mtupu. Mahindi ya mgao yaliwekwa chini kwenye magunia, magunia yakaleta panya, panya wakaleta nyoka, na hakuna mtu mkubwa wa ofisi aliyehangaika kutuletea hata ubao wa kuinulia gunia. Mbaya wao alikuwa swila, huyu anayetema. Nilimjua tangu kwetu. Swila si nyoka wa kukimbiza watu. Mchana anajificha kwenye kichuguu, kwenye rundo la kuni, popote penye giza na joto, na jua likizama anatoka kutafuta panya, vyura na vifaranga. Ukimfumania uwanjani anainuka, anapanua shingo, na hapo geuza uso haraka, kwa maana analenga macho, tena kutoka mbali kuliko unavyodhani. Mama mmoja wa mstari wetu alitemewa akifagia. Wenzake walimmwagia maji machoni ndoo nzima, na baada ya siku chache akaona vizuri. Lakini ukimgusa bila kumwona, hapo hatemi. Anauma, na akishauma anang'ang'ania na kutafuna.

Chumba cha ushonaji cha kanisa kilikuwa kwenye jengo la zamani la gereza, kuta nene, vidirisha juu kabisa ambako hakuna mtu anayefika. Ndani mlikuwa na cherehani za miguu, meza ya kukatia, na pembeni gunia la vipande vya vitambaa. Nabintu alikuwa bingwa wa kola. Kola ya shati la mwanaume ni kazi ya kutoa jasho, ikipinda kidogo tu shati zima linaonekana limelewa, na yeye aliikata kwa jicho, bila chaki, huku anaimba. Fundi mmoja wa Lilongwe mwenye duka kule mjini aliziona kola zake, akasema kuna kiti kitupu nyuma ya cherehani moja dukani kwake, mwezi ukiisha aje akikalie. Kutoka siku hiyo hatukuwa na mazungumzo mengine. Tutapanga chumba chenye dirisha. Yeye atashona, mimi nitapiga pasi. Atatafuta unga wa mihogo hata kama ni kwa kwenda mpaka mpakani. Maisha yetu yote mawili yalikuwa yamekaa kwenye mkono wake wa kulia, na hatukuona ubaya, kwa sababu mkono huo haukuwahi kukosea.

Ilikuwa mchana, baada ya kula. Nabintu aliingiza mkono kwenye gunia kutafuta kitambaa cha kuwekea ndani ya kola. Hakupiga kelele. Alisema, "Riziki, kuna kitu," akautoa mkono, na swila yuko kwenye mkono, ameng'ang'ania pale chini ya kidole gumba. Nilimpiga kwa rula ya ubao mpaka akaachia, nikaendelea kumpiga sakafuni hata alipokwisha kufa. Tumbo lake rangi ya waridi, kooni mistari myeusi. Nikamwambia Nabintu huyu ni swila, si kanyoka ka majani, twende hospitali sasa hivi. Kabla hatujafika mlangoni, Papa Stani alikuwa ameshafika na soksi yake. Watu walikuwa wameshamwita, unaelewa? Hakuna aliyekwenda kutafuta gari. Wote walikimbilia soksi.

"Akitembea, sumu itapanda ku roho," Papa Stani akasema. "Mukalishe chini."

"Papa, mi niliona nyoka," nikamwambia. "Hii ni ya kuoza nyama. Twende naye hospitali ya Dowa."

"Kule batamupa nini? Aspirini? We Riziki, uko mutoto. Mi naponyesha bantu tangu ukiwa kwa mgongo ya mama yako."

Akachanja. Akaweka jiwe, na jiwe likashika, na chumba kizima kikashusha pumzi. Halafu akachukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli akamfunga juu ya kifundo cha mkono, akakaza kwa nguvu zake zote, ili sumu isipite. Nabintu, ambaye alikuwa amesoma, ambaye alikuwa akicheka nsima na kucheka kukoroma kwangu, alimtazama yule mzee kwa macho ya mtoto wa misioni. Alimwamini. Kwao nyumbani lilikuwako jiwe kama lile, kwenye sanduku moja na rozari ya bibi yake.

Sasa sikiliza jinsi ujinga unavyojipanga vizuri. Jiwe halikuanguka. Jioni mkono ulikuwa umevimba mpaka vidole havikunjiki, na mama mmoja akauliza kama ni salama. Papa Stani akasema, "Bado inakunywa." Kesho yake ngozi ilikuwa nyeusi, na malengelenge, na jiwe limezama kwenye usaha, limeshikwa na kidonda chenyewe. Nikamwambia, Papa, jiwe halifanyi kazi. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, kama haifanyi kazi ingeanguka. Kama imeshika hivi, ni kwamba sumu ilikuwa mingi. Ona vile inavuta." Unamjibu nini mtu kama huyo? Mkono ukiharibika zaidi, ndivyo jiwe linavyosifiwa zaidi. Nilishika kitambaa nikitaka kukifungua, na wamama wakanishika mikono yangu, wakanitoa nje, wakasema nataka kumuua mwenzangu. Na huyo mzee, nisimsingizie, hakumwacha hata kidogo. Alimlisha uji kwa kijiko, alimfuta jasho, alimsomea Zaburi, alilia. Angekuwa mtu mbaya ningepata raha. Ningemchukia nikamaliza.

Waliokuja kutuokoa hawakutoka ofisi yoyote. Siku ya tatu alikuja Mayi Nabanda, mama wa Kimalawi aliyekuwa akiuza nyanya karibu na lango. Alisimama mlangoni kwetu, akavuta harufu mara moja, akaziba pua na kanga. Watu wetu walikuwa wamekwenda kanisani kumwombea Nabintu, Papa Stani akiongoza. "Tiyeni," akasema yule mama. Twendeni. Hakuongeza neno. Tulimpakia Nabintu kwenye kabaza, baiskeli ya abiria ya shemeji wa Mayi Nabanda, mimi nimemshika ubavu mmoja na huyo mama ubavu wa pili, tukasukuma baiskeli mpaka barabara ya lami huku nyuma tunasikia nyimbo zao. Lori la tumbaku lilitusimamia. Nilimlaza Nabintu juu ya marobota, na njia nzima mpaka Lilongwe alikuwa akiniuliza kitu kimoja, kama jiwe limeanguka.

Hospitalini daktari alianza na mpira. Aliukata, akautazama, akautupa. Kisha akalitoa lile jiwe kwa koleo dogo akaliweka kwenye sahani ya bati, likalia ting. "Na huku kwetu yapo," akasema. "Ni mfupa wa ng'ombe. Wanauchoma tu, unakuwa mweusi." Nikamwomba amchome dawa ya sumu ya nyoka. Akaniambia hana, haijafika, hajui itafika lini. Nikauliza basi ingekuwa na faida gani tungekuja mapema. Hapo akanikazia macho. "Ningeufungua huu mpira. Ningesafisha, ningekata ngozi iliyokufa. Angebaki na kovu baya na vidole vyake. Nyoka alikula ngozi, dada. Mkono umeliwa na kungoja." Waliukata juu ya kifundo. Kesho yake nilitembea mpaka City Centre, kwenye zile ofisi zenye majani yanayomwagiliwa maji hata wakati wa kiangazi, nikauliza kwa nini nchi yenye nyoka namna hii hakuna dawa ya nyoka, na kwa nini wametuweka kwenye magunia ya panya. Mama mmoja mwenye viatu virefu alinipa glasi ya maji baridi, akasema wanaielewa sana hali yetu. Nikayanywa, nilikuwa na kiu. Nikapita kwa yule fundi. "Mkono upi?" akauliza. Nikamwambia wa kulia. Hakusema kitu kibaya. Alimwita kijana aliyekuwa akishona vifungo kwenye benchi, akamwonyesha kile kiti.

Ninavyosema nina hasira, watu wanadhani ni ya siku zile. Hasa ni ya zilizofuata. Tuliporudi kambini, mimi nilitaka lile jiwe libaki kwenye takataka za hospitali, lakini Nabintu alikuwa ameshaliomba, akaja nalo kwenye karatasi, akamrudishia Papa Stani mkononi. Mzee akapiga magoti. Jumapili akasimama mbele ya watu, akasema mnamuona dada huyu, swila alimuuma, swila, na bado anaishi, jiwe limemrudisha. Watu wakapiga makofi. Nabintu amekaa pale na kigutu cha mkono kimefungwa bendeji, hakuna aliyemuuliza lolote. Mimi nilisimama nikasema ni mfupa wa ng'ombe, daktari amesema. Nilizomewa. Wakasema nimechanganyikiwa na uchungu. Na Nabintu akanivuta sketi: "Kaa, Riziki." Tangu siku hiyo kila aliyeumwa na nyoka alipelekwa kwanza kwa Papa Stani. Wengi walipona kwa sababu nyoka wao hawakuwa na sumu. Mtoto mmoja wa Fizi, wa watu wangu, hakupona, na walisema jiwe liliwekwa kwa kuchelewa.

Basi tulikutana Dzaleka mimi na Nabintu, yeye na kitenge chake cha msiba, ametoka Madisi na birika kubwa la kuchangia. Tukiwa tunatembea kutoka barabarani nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: kwa nini ulimrudishia? Akacheka kidogo. "Alikuwa na ile tu," akasema. "Muke wake alikufa ku njia, shule yake iliungua. Ningemutolea na jiwe, angebaki na nini?" Nikamwambia na wewe ulibaki na nini, na yule mtoto wa Fizi alibaki na nini. Nilimaliza njia nimenuna, huku napanga maneno ya kusema mbele ya kila mtu, maneno niliyoyabeba tangu nikiwa msichana.

Sikupata nafasi. Matanga yalikuwa chini ya turubai, wanaume upande mmoja na karata zao, sisi wamama tumezunguka babula, chai inachemka. Baada ya sala Pascal alisimama, sasa ni baba mwenye mvi, akaitoa ile soksi. Ilikuwa soksi ileile, imeshonwashonwa. Akasema marehemu aliacha neno, jiwe lisibaki kwake, liende kwa Yaya Nabintu, aliyeliona kwa mwili wake. Nyuma yangu mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni akamnong'oneza mwenzake, "Afazali. Nyoka banaanza tena kwa upande wetu. Angalau tutajua pa kukimbia." Nilianza kusimama. Nabintu aliniwekea mkono wake wa kushoto begani, akanikalisha, akaupeleka mkono huohuo kwa Pascal, akalipokea jiwe. Alilitazama kama anavyotazama kitambaa cha kununua. Kisha akaniambia, "Inua birika." Nikainua. Akalidondosha katikati ya makaa, akanionyesha kwa kidevu nilirudishe birika mahali pake.

Wamama wakashika vinywa. Pascal alikuja mbio, ameokota koleo, anapiga magoti mbele ya babula. Nabintu alimzuia kifuani kwa ule mkono usio na kiganja, taratibu, kama unavyomzuia mtoto karibu na moto.

"Usiiguse, Pascal," akasema. "Haitolewi. Inaanguka yenyewe."

Hakuna aliyethubutu kumpita. Tukakaa, tukangoja. Chai ilipokwisha na birika limeondolewa, jiwe lilikuwa limepita kwenye wavu na kuanguka chini kwenye jivu. Nabintu akamwambia yule mama kijana aje aangalie karibu. Weusi ulikuwa umeungua wote, limebaki jeupe, lenye vitundu vidogo vidogo, na kila mtu aliyewahi kula nyama ya ng'ombe aliujua mfupa ule.